Treni ya Makopo Iliyoita Meli

Jogoo wa bibi yangu hakuwika. Nianze naye, ingawa habari yenyewe si ya jogoo, unisubiri kidogo. Alikuwa mwekundu, mkia umelalia upande mmoja, na alfajiri majogoo wa mtaa wakianza kelele zao yeye naye alipanda juu ya kinu, akanyoosha shingo, akafungua mdomo, ikatoka pumzi tu. Ffff. Kama mtu anayepuliza chai. Mama muuza chai wa karibu nasi alimwambia bibi, "Huyu mchinje, ya haboba, anakula mtama wa bure." Haboba ndiyo bibi kwa Kiarabu chetu cha Juba. Bibi akakataa. Tena alifanya zaidi ya kukataa: kila asubuhi jogoo alipopuliza, yeye ndani ya nyumba alimwikia. Mwanamke mzima, mjane, mama wa kanisa, anawika! Tulicheka mpaka tukazoea. "Kisicho na sauti huliwa kwanza," alituambia, "na huyu haliwi." Kweli hakuliwa. Alikufa kwa uzee, na hilo majogoo wengi wa Juba hawawezi kujisifia.

Wakati ule vita bado vilikuwa kitu cha redioni. Nimekutajia jogoo kwa sababu nimemkumbuka juzi, nikiwa kazini. Siku hizi nakaa langoni kwenye hoteli moja ya mtaa wa Hai Amarat, hapahapa Juba, nafungulia magari ya wakubwa. Kuna mgeni, mzungu fundi wa jenereta, na jioni huketi barazani akiwa na kichwa cha treni kidogo, urefu wake kama kiganja. Anakifungua tumbo kwa bisibisi ya saa, anatia ndani spika ndogo kama kifungo cha koti, analehemu nyaya nyembamba kuliko nywele. Mhudumu wa hoteli, kijana wa Kenya, aliniita, "Mzee, hebu kuja uone maajabu." Nikaenda. Kile kichwa kikaguna, chu, chu, chu, kikapiga filimbi. Mzungu akaeleza, kijana akanitafsiria, kwamba kwao kuna wazee kama mimi ambao furaha yao ni hiyo tu, kutia sauti kwenye treni ndogo.

Nikamwambia kijana, "Mwambie sisi tulifanya hivyo hapa Juba, wakati wa vita."

Mzungu akacheka kwa adabu, akasema Juba haijapata kuwa na reli. Kijana wa Kenya hakucheka kwa adabu. "Mzee, wewe nawe! Treni ya Juba ilikuwa inaenda wapi, mbinguni?"

Nilirudi langoni kwangu. Nawajibu sasa wote wawili, tena kwa maandishi. Shule yangu ilikuwa fupi. Mwalimu wetu alifunga mlango siku moja akasema, "Someni mnachokiona mpaka nirudi," akaingia msituni kwa wapiganaji. Kwa hiyo nasoma ninachokiona. Na hiki Kiswahili nilikiokota baadaye, ukimbizini Uganda, kwenye gereji na masoko ya Arua. Ukikuta kimepinda mahali, ujue kimetembea kwa miguu.

Basi, turudi. Nyumba ya bibi ilikuwa nyuma ya soko la Konyokonyo, mto hauko mbali. Mji ulikuwa umezungukwa. Ndani jeshi la serikali, nje wapiganaji, na sisi katikati kama bamia kwenye mchuzi. Barabara zote zilikatika. Kitu kikubwa kilichotufikia kilikuja kwa ndege au kwa meli ya mto, na meli ilikuja ilipotaka. Ilipokaribia bandari ilipiga honi, buuuuu, hata sufuria zilitetemeka. Mama wote wa mtaa walijua maana yake: mtama. Walishika mabeseni wakakimbia, aliyewahi akapata, aliyechelewa akachemsha majani. Nimekula majani ambayo sijui jina lake mpaka leo, na sitaki kulijua.

Sisi watoto tulikuwa na kazi zetu. Asubuhi maji mtoni kwa jerikani, kisha kuni, kisha kumshikia bibi ungo. Baada ya hapo hakuna shule, hakuna pa kwenda. Makopo tu ndiyo yalikuwa mengi. Makopo ya mafuta ya msaada, ya samaki, ya maziwa ya askari. Mimi na binamu yangu, msichana aliyenizidi umri na ubishi, tukaanza kutengeneza treni. Usiniulize kwa nini treni. Ilikuwa kwenye picha ya kitabu alichotuachia mwalimu. Mabehewa yalikuwa makopo ya mafuta, magurudumu tulikata kwenye malapa yaliyokufa, reli zilikuwa mianzi iliyopasuliwa, tukaipitisha kuzunguka nyumba ya bibi, nyuma ya choo, mpaka kwenye uzio wa jirani.

Huyo jirani sasa. Alikuwa mtu wa Wau, mji wa mbali na Juba. Wewe unayejua nchi yetu unajua reli inaishia Wau, na yeye alikuwa mfanyakazi wa ile reli, mchochea moto zamani, halafu dereva. Alikuja Juba kumzika kaka yake, akapanga kukaa mpaka msiba uishe. Barabara ikafungwa nyuma yake. Mke na watoto wako kule, yeye yuko huku, barua hakuna. Alikuwa mrefu, kimya, na kofia yake ya kazi ilikuwa imeng'aa kwa mafuta. Jioni moja alisimama kwenye uzio akitazama jinsi tunavyovuta ile kamba.

"Hiyo ni nini?"

"Treni," nikasema.

"Mbona bubu?"

Binamu akamjibu, "Ni kopo, ami. Ulitaka isome na sala?"

Ami ni baba mdogo, ndivyo tulivyomwita. Hakucheka. Aliruka uzio, mtu mzima na miguu yake mirefu, akapiga magoti kwenye vumbi kana kwamba ameona mgonjwa.

Kuanzia siku ile ndipo nilipojifunza kwamba treni haipewi sauti moja. Kwanza alianza na chini. Alikata gurudumu jipya la bati lenye meno, akafunga ulimi wa bati unaogonga yale meno likizunguka. Chaka-chaka-chaka. Tukapiga kelele kwa furaha. Yeye akatikisa kichwa. Akajaza mawe kwenye mabehewa, akatuambia tuvute tena. Sasa ikasema chaaka, chaaka, chaaka. "Yenye mzigo husema polepole," akasema. "Ile ya kwanza ilikuwa inajidai tu." Mpaka leo nikiona mtu anaongea haraka sana nafikiri mabehewa yake ni matupu.

Kisha filimbi. Hapo alikwenda kwa mchinjaji wa Konyokonyo akaomba kibofu cha mbuzi. Alikikausha kidogo, akakipaka mafuta kisikatike, akakitia nyuma ya kichwa cha treni, pale mahali pa makaa. Unakijaza hewa kwa pampu ya baiskeli, unabana shingo yake kwa kidole. Mbele alipanga matete matatu, kila moja na urefu wake, yamezibwa kwa nta ya nyuki. Ukiachia kidole, hewa inapita kwenye matete, inalia. Alifanya kazi ile siku nyingi. Analegeza nta, anapunguza tete kwa wembe, anasikiliza, anatukana kwa lugha ya kwao, anaanza tena.

Bibi alimpelekea chai siku moja akamuuliza, "Mwanangu, watoto walisharidhika. Wewe bado unatafuta nini?"

Ndipo alipotueleza. Kule Wau kila dereva alikuwa na namna yake ya kuvuta filimbi akiingia mjini. Mbili fupi na moja ndefu, au tatu na kimya, kila mtu na yake. Haikuandikwa popote. Mke wake akiisikia, akiwa uani, anaweka bamba motoni, anaanza kumwaga kisra, ule mkate wetu wa mtama mwembamba kama karatasi. Yeye akifika mlangoni kisra bado ni ya moto. "Yangu ilikuwa fupi, fupi, halafu ndefu yenye mkia," akasema. "Ule mkia ndio umenitoka. Sijui ulikuwa unapanda au unashuka. Siku nikirudi nitapiga ya nani? Atadhani ni mgeni."

Bibi akachukua kikombe chake. Alimwongeza sukari, na sukari siku zile haikuwa kitu cha kuongeza.

Basi siku aliyoona matete yamekaa vizuri, alituita wote, pamoja na bibi na mama muuza chai, akajaza kibofu, akaachia. Fii, fii, fiiiii. Tukatazamana. Ukweli ni kwamba hakuna kati yetu aliyewahi kusikia treni.

"Hiyo ni ya refa," binamu akasema.

"Refa wa nini?"

"Wa mpira. Ami, kitu kinachobeba magunia hakiwezi kulia hivyo. Kinalia buuuu."

"Hiyo ni meli!"

Bibi naye akaingia. "Msichana anasema kweli. Mimi sijaona treni, lakini naijua njaa. Kinacholeta chakula hakilii kama kifaranga."

Yule bwana akavua kofia akaipiga kwenye goti. Umefanya kazi ya reli ujana wako wote, halafu watu wasiojua treni wanakufundisha inavyolia! Lakini alikuwa mtu wa haki. "Haya," akasema. "Mnataka meli, nitawapa meli. Ila itakaa kwenye mabehewa. Kichwa ni changu."

Akapitisha mwanzi mnene ndani ya mabehewa yote, akaunga mwingine, na mwingine, viungo akavifunga kwa mpira. Kwenye mdomo wa mwanzi alivuta ngozi ya kibofu kingine, ikakaza kama ngoma. Hewa ilitoka kwenye mpira wa ndani wa tairi la lori, tulioujaza kwa zamu mpaka mikono ikauma. Kila tulipoongeza behewa, mwanzi ulirefuka na sauti ikawa nene. Tukaongeza behewa mpaka makopo yakaisha.

Ilikuwa mchana, baada ya chakula, kwa waliokula. Jirani akafungua ule mpira.

Buuuuuuuu!

Rafiki yangu, kuku walipotea siku nzima. Nikamwona bibi ameziba masikio huku anacheka. Halafu nikasikia kitu kingine, vishindo vya miguu. Mama muuza chai alipita mbele ya uzio wetu anakimbia, beseni kichwani, kitambaa kimefunguka, anaita, "Meli! Meli imefika!" Nyuma yake mwingine, na mwingine, mtaa mzima, wenye watoto mgongoni, wenye mabeseni, wenye ndoo, mmoja na sufuria ambayo bado ilikuwa na mchuzi ndani. Jirani alitoka mbio kuwaambia si meli, lakini nani atamsikia mtu mmoja? Bibi yeye alisimama kidogo, akafikiri, akaingia ndani akatoka na beseni lake.

"Bibi, ni sisi!" nikamwambia. "Hakuna meli!"

"Najua," akasema. "Lakini sijakimbia kuelekea kitu siku nyingi. Tumekuwa tukikimbia kutoka tu."

Tukamfuata. Bandarini mto ulikuwa mtupu, magugu-maji yanaelea. Wanawake walijazana mbele ya lango la ghala la wafanyabiashara, wanahema, wanatazama maji, wanatazamana. Nikajua sasa mimi na binamu tutachapwa na wanawake wote wa Juba kwa pamoja. Ndipo mtunza ghala, mtu mnene mwenye rozari ya kahawia, alipotoka juu ya ngazi. Aliona yale mabeseni yote, akainua mikono, akapiga kelele kabla hajaulizwa:

"Si leo! Nani amewaambia? Mtama huu haugawiwi mpaka wakubwa waseme!"

Wanawake wakaacha kutazama maji. Mama muuza chai akageuza kichwa polepole. "Mtama upi?" akauliza.

Yule mtu akafunga mdomo, lakini ulikuwa umechelewa. Kumbe magunia yalikuwa mle ndani tangu meli iliyopita, yanangoja bei ipande zaidi. Wanawake hawakurusha jiwe. Walikaa chini, mbele ya lango, wakapindua mabeseni wakaanza kuyapiga kama ngoma. Bibi aliwika. Nakuapia, aliwika kama zamani, kwa niaba ya jogoo aliyekufa, na wanawake wakamwitikia. Walikaa pale jua likapinda, mpaka hata askari wa lango, ambao wake zao walikuwa na njaa ileile, wakaanza kumnong'oneza mtunza ghala. Akafungua. Tulirudi na mtama, si mwingi, lakini bibi alisaga usiku uleule na nilikula asida, ugali wetu wa mtama, mpaka nikalala nimekaa.

Sasa unadhani jambo kama hilo huachwa? Asubuhi afisa alikuja na askari wake kwenye mtaa wetu, suruali imepigwa pasi, jasho tayari. Akasimama njiani akauliza ni nani aliyepiga honi jana.

"Meli," akasema mama muuza chai.

"Hakukuwa na meli."

"Sisi tumeisikia."

"Meli gani?"

"Ile iliyopiga honi."

Wakaulizwa mmoja mmoja, wote wamesikia meli. Mmoja aliongeza kwamba ilikuwa na bendera. Afisa akamgeukia bibi, akijaribu upole. "Ya haja, wewe ni mtu mzima, sema kweli."

"Mimi sijahiji popote, mwanangu, mimi ni wa kanisa. Wewe jana hukusikia? Pole. Nenda hospitali wakutazame masikio, bado kijana."

Watu wakacheka, na hapo nikaogopa, kwa sababu watu wenye bunduki hawapendi kuchekwa. Askari wakaingia uani wakakuta mabehewa yetu na ule mwanzi mrefu. Afisa akaupiga teke. "Hii ni nini?" Binamu akafungua mdomo kumjibu.

Jirani akaruka uzio kama siku ile ya kwanza. "Ni yangu," akasema. "Mimi nimeitengeneza. Mwanzi uchukue, ni kuni tu. Sauti ya meli haikuwa yangu hata mwanzo."

Askari wakauvunja ule mwanzi kwa magoti. Mpira wa tairi wakauchana. Afisa akainama akakiona kile kichwa cha treni kimebaki kwenye reli, na yale matete matatu. "Na hii?"

"Filimbi ya treni."

"Juba hakuna treni."

"Ndiyo maana nimeitengeneza."

"Ivunje. Wewe mwenyewe, kwa mkono wako."

Jirani akapiga magoti, akakiinua kichwa. Akachukua pampu. Mimi nilidhani anatoa hewa, kumbe anajaza. Hata askari walikuwa wanatazama jinsi kibofu kinavyovimba. Akaachia kidole. Fii. Fii. Halafu ile ndefu. Na mkono wake ulikuwa na hasira, au ulikuwa na woga, mimi sijui, lakini safari hii hakuachia kidole chote kwa pamoja kama alivyokuwa akifanya siku zote. Kiligoma, kikafunga polepole, na sauti ikashuka, ikashuka, kama mtu anayekaa chini baada ya safari. Fiiiiiiuuuu.

Akabaki amepiga magoti. "Ndiyo hiyo," akasema, akijiambia mwenyewe, si afisa. "Mkia unashuka. Ni kidole. Siku zote nakata matete, kumbe ni kidole."

Afisa hakuelewa, na labda kutoelewa ndiko kulikomshinda. Mkono wake ulikuwa kwenye mkanda. Alitazama wanawake kwenye uzio, mabeseni bado mikononi, akasema, "Nitarudi kesho. Nisiikute hapa."

"Hutaikuta," jirani akamjibu.

Sikiliza. Ule ua wa bibi leo ni ghorofa, chini wanauza simu. Bandari ipo lakini honi zote sasa ni za malori ya mtaa wa Sherikat, ng'ambo ya mto, yanalia usiku na mchana na hakuna anayeshika beseni. Bibi amelala. Mama muuza chai amelala. Binamu yuko Uganda, mnene, ana wajukuu, nilimpigia simu baada ya yule mzungu kucheka, akaniambia, "Wewe mwambie ilikuwa na sauti mbili, ya treni na ya meli, yake ina ya treni tu." Basi nimesema. Watakaosema haikuwepo, waseme. Hakuna reli iliyowahi kufika Juba, ni kweli, na treni yetu ilifungua ghala.

Asubuhi ileile ya afisa, jua limeshapanda, jirani alitoka na kofia yake ya kazi kichwani na kile kichwa cha treni kwapani, hakuna mzigo mwingine. Alimsalimu bibi kwa mikono miwili. Bibi alimpa asida iliyobaki, imefungwa kwenye jani. Hakumwambia barabara ina mabomu, kila mtu alijua ina mabomu. Mimi na binamu tulimsindikiza upande wa Gurei mpaka kizuizi cha mwisho cha askari, wakati ule kulikuwa nyasi tupu. Askari akamuuliza amebeba nini na anaenda wapi.

"Kichwa cha treni," akasema. "Nakirudisha Wau."

Askari akamwona mwendawazimu, akainua kamba. Alipofika pale nyasi zinapoanza kumfunika kiuno tulisikia, fii, fii, fiiiiiiuuuu, mkia unashuka vizuri. Binamu akasema, "Anafanya mazoezi." Tukasimama tukingoja nyingine. Yeye akatembea, hakugeuka, hakurudi.